Mjumbe wa Siri na Dhamiri Yake



Wakati wa vita kila mji una watu wa namna tatu. Wako wanaochukua bunduki, nao huonekana. Wako wanaokimbia na mizigo kichwani, nao pia huonekana. Lakini wako wengine ambao hawaonekani, ndio wale wanaochukua neno. Hutoa habari upande huu na kuifikisha upande ule: barua iliyokunjwa ndani ya nguo, au hesabu ya askari iliyowekwa moyoni tu. Mara nyingi wajumbe hao ni wanawake. Maana askari wa kizuizi cha njia akimtazama mama mwenye kikapu cha sombe, huona sombe tu.

Sisi watu wa Kindu twajua mambo haya bila kufundishwa. Mwaka 1964 Wasimba waliingia mjini mwezi wa Julai, wakakaa mpaka mwanzo wa Novemba. Mwezi wa Oktoba 1998 mji ulitwaliwa na askari wa RCD, na Mai-Mai wakashika misitu na vijiji pande zote. Mwaka 2002 mji ulizungukwa, hata kwenda shambani kukawa jambo la kufa au kupona. Mama aliyevuka kutafuta muhogo alipita mikononi mwa watu wa pande mbili. Huku aliulizwa, "Umeona nini kule?" Na kule aliulizwa, "Umeona nini huku?" Wengine walichukua habari kwa kupenda, wengine kwa hofu. Wengine hawakuchukua neno lolote, na hata hivyo waliitwa wapelelezi.

Basi leo twataka kuuliza swali gumu. Mtu anayeishi kwa siri, akionyesha uso mmoja na kuficha mwingine, je, aweza kuwa mtu mwema? Na sisi tuliobaki tumhukumu namna gani? Ili tusijibu kwa maneno matupu, tutazame maisha ya mwanamke mmoja wa Afrika yetu, ambaye uzeeni aliandika mwenyewe habari zake kwa jina lake.

BINTI WA AFISA WA POLISI

Mama huyo ni Wambui Waiyaki, Mkikuyu wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1936. Ukoo wake ulijulikana sana. Babu wa baba yake, Waiyaki wa Hinga, alikamatwa na Waingereza wa Kampuni mwaka 1892, akafa mwaka uleule huko Kibwezi, njiani kupelekwa pwani. Lakini baba yake Wambui, Tiras Waiyaki, alikuwa afisa wa polisi katika serikali ya hao hao Waingereza, na nyumba yake ilikuwa nyumba ya Wakristo wenye elimu.

Mwaka 1952, ndio mwaka serikali ilipotangaza hali ya hatari, Wambui alikula kiapo cha Mau Mau. Alikuwa na miaka 16. Fikirini jambo hilo, wasomaji. Msichana alala chini ya paa la mtumishi wa serikali, naye ameapa kuipinga serikali hiyo. Ala chakula cha baba yake, na moyoni ana neno ambalo baba yake, kwa kazi yake, angepaswa kulitafuta na kuliadhibu.

Mwaka 1954 aliondoka nyumbani akaenda Nairobi. Mwezi wa Aprili mwaka huo askari waliuzingira mji ule na kuwakamata watu zaidi ya 20,000, hasa Wakikuyu, na ndugu zao Waembu na Wameru. Katika mji wa namna hiyo Wambui alifanya kazi ya mpelelezi. Alitazama vituo vya polisi na ulinzi wake. Alikusanya habari kutoka kwa wapishi na mayaya wa nyumba za Wazungu, maana bwana mwenye nyumba husema mambo mengi mezani akidhani mtumishi hana masikio. Alisaidia kupitisha silaha. Na wakati uleule alikuwa mama wa watoto wadogo.

Alikamatwa mara kadhaa. Hali ya hatari ilikwisha mwezi wa Januari 1960, lakini mwaka huohuo yeye alipelekwa kizuizini Lamu, kisiwa cha pwani. Ameandika mwenyewe kwamba huko afisa wa kikoloni alimnajisi kwa nguvu, akapata mimba na kuzaa. Mwaka 1961 aliachiliwa, na mwaka 1963 akaolewa na wakili S. M. Otieno, Mjaluo. Wengi walimjua Wambui mwaka 1987 tu, kwa kesi kubwa ya kugombea maziko ya mumewe. Kitabu cha maisha yake, "Mau Mau's Daughter", kilitoka mwaka 1998, naye alikufa mwezi wa Agosti 2011.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Sasa tuyapime.

KUFICHA NA KUSEMA UONGO

Labda mtu atasema: "Amri ya nane yakataza uongo. Mpelelezi ni mwongo. Neno limekwisha." Taratibu, ndugu. Neno halijaisha.

Yafaa kwanza kutenga mambo mawili. Kuficha ukweli si sawa na kusema uongo. Mganga huficha ugonjwa wa mtu. Padri huficha maungamo mpaka kufa. Mama huficha mahali mtoto wake alipo, mtu mwenye panga anapomtafuta. Hakuna mwenye akili awaitaye hao waongo. Ukweli ni mali ya thamani, na si kila anayeuomba ana haki ya kuupata. Mwizi akiuliza ufunguo uko wapi, hatuna deni la kumjibu.

Lakini mpelelezi huenda mbele zaidi. Hanyamazi tu, bali husema lisilo kweli kwa makusudi. Hapa walimu wa Kanisa walifikiri sana. Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, akashika kwamba kila uongo ni dhambi, hata ule wa kumwokoa mtu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimfuata, ila alisema kwamba uongo wote haulingani kwa uzito: ule wa kumdhuru mtu ni mzito, na ule wa kumsaidia mtu ni mwepesi. Tena alifundisha kwamba yaruhusiwa kuuficha ukweli kwa busara, na kwamba katika vita ya haki si kosa kumficha adui mashauri yetu.

Na Maandiko Matakatifu? Twasoma habari za wakunga wa Misri, Shifra na Pua, waliomdanganya Farao ili kuwaokoa watoto wachanga wa kiume. Twasoma habari za Rahabu wa Yeriko, aliyewaficha wapelelezi wa Israeli juu ya dari na kuwaelekeza askari wa mfalme njia isiyo yao. Rahabu husifiwa katika Agano Jipya. Augustino alijua vema kwamba habari hii inamsumbua, akajibu kwamba Rahabu hakusifiwa kwa uongo wake, bali kwa huruma yake kwa watu wa Mungu.

Jibu hilo halikuwaridhisha wote, na hatutazamii kumaliza leo mashindano ya karne 16. Lakini latufundisha jambo moja la maana. Hatuanzi kwa kuuliza, "Je, alificha?" Twaanza kwa kuuliza, "Alificha nini, kwa ajili ya nani, na neno lile lilikwenda kufanya kazi gani?"

USHUJAA HAUTOSHI

Sasa twendeni mbali kidogo, hata Marekani, wakati wa vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, kutoka 1861 hata 1865. Katika mji wa Washington, penye serikali ya Kaskazini, alikaa mjane mmoja jina lake Rose Greenhow. Alikuwa Mkatoliki, mwenye adabu na rafiki wengi wakubwa. Watu wa serikali walikuja kula kwake, wakasema, naye alisikiliza. Mwezi wa Julai 1861 aliwapelekea majenerali wa Kusini habari za jeshi la Kaskazini lililokuwa likijitayarisha kuwashambulia. Msichana aitwaye Betty Duvall aliichukua barua hiyo imefichwa ndani ya nywele zake. Siku chache baadaye Kusini walishinda katika mapigano ya Manassas.

Bibi Greenhow alikamatwa, akafungwa pamoja na binti yake mdogo. Mwaka 1862 alipelekwa upande wa Kusini, na mwaka 1863 akavuka bahari kwenda Ulaya kuwatafutia Kusini marafiki. Alipokuwa akirudi, mwezi wa Oktoba 1864, mtumbwi wake ulipinduka karibu na Wilmington, naye akazama, na dhahabu aliyoichukua mwilini ikamvuta chini.

Twaweza kusema mwanamke huyu alikosa moyo? La hasha. Alikuwa na ushujaa, uaminifu na saburi. Alijitoa kabisa. Lakini alijitoa kwa nini? Dola za Kusini zilipigana ili kushika utumwa. Watu karibu milioni 4 walikuwa watumwa katika nchi ile, wakiuzwa kama mbuzi, mume huku na mke kule. Na Baba Mtakatifu Gregori wa 16 alikuwa amekwisha kulaani biashara ya watumwa kwa barua yake ya mwaka 1839.

Sisi watu wa Maniema hatuhitaji kuelezwa utumwa ni nini. Kasongo na Nyangwe si mbali nasi. Pale Nyangwe, mwezi wa Julai 1871, watu wa wafanya biashara ya watumwa waliwapiga bunduki watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, wakafa kwa mamia, na Livingstone aliona kwa macho yake. Basi kila neno alilofikisha Bibi Greenhow kwa siri lilisaidia mnyororo kukaa shingoni.

Katika vita vilevile wako wanawake waliofanya kazi ileile kwa upande wa pili. Elizabeth Van Lew aliishi Richmond, mji mkuu wa Kusini, akawapelekea Kaskazini habari kwa siri, akisaidiwa na watu weusi. Harriet Tubman, aliyezaliwa mtumwa, alipeleleza kando ya mto Combahee, na mwezi wa Juni 1863 aliwaongoza askari hata watumwa zaidi ya 700 wakapata uhuru. Siri ileile, hatari ileile, usingizi mchache uleule. Lakini mmoja alificha ili mnyororo usikatike, na wengine walificha ili ukatike.

Basi tushike fundisho la kwanza. Ushujaa ni kama mafuta ya taa. Waweza kuwashia taa, waweza kuchomea nyumba ya jirani. Tukimsifu mtu kwa sababu tu alikuwa hodari na alishika siri, bado hatujasema kama alitenda wema.

MJUMBE HAJUI MWISHO WA NENO LAKE

Twarudi kwa Wambui. Je, jambo alilolitumikia lilikuwa la haki? Watu wake walikuwa wamenyang'anywa ardhi, wakafanywa vibarua katika nchi ya baba zao, bila sauti katika serikali. Wakati wa hali ya hatari watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama, na makumi ya maelfu walitiwa kambini, ambako wengi waliteswa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza yenyewe ilikiri kwamba mateso yalitendeka, ikasikitika hadharani, ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 karibu pauni milioni 20. Haki waliyoidai ilikuwa haki ya kweli.

Lakini fundisho la pili ni hili: jambo la haki halisafishi kila njia. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, mahali paitwapo Lari, watu wa Mau Mau walizichoma nyumba za wale waliokuwa upande wa serikali. Walikufa watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto. Kisha askari na walinzi wa serikali walilipa kisasi, nao wakaua wengi. Tena wako Wakristo wa Kikuyu waliokataa kiapo kwa ajili ya dhamiri yao, wakauawa na ndugu zao wenyewe. Mtume Paulo alikwisha kukataa shauri la wale wasemao tutende ubaya ili wema upatikane.

Hatusemi kwamba Wambui alikuwako Lari. Twasema jambo lingine, tena ndilo zito kuliko yote katika maisha ya mjumbe. Mwenye bunduki humwona anayempiga. Mjumbe haoni. Yeye hutoa neno: mlango fulani hauna mlinzi, mtu fulani hulala nyumba fulani. Kisha huenda zake. Neno hilo lakwenda wapi? Labda kumfungua mfungwa. Labda kumchinja mtoto kitandani. Waswahili husema mjumbe hauawi, maana neno si lake. Lakini mbele ya dhamiri methali hiyo haitoshi. Aliyepeleka neno ana sehemu yake katika kazi ya neno hilo, kwa kadiri alivyojua au alivyoweza kujua.

Kwa hiyo anayekubali kazi ya namna hiyo ana wajibu wa kuuliza: hao ninaowapelekea habari, huwatendea nini wasio na silaha? Ameona wakiwaua watoto na kunajisi wanawake, asiseme, "Mimi nilichukua barua tu."

GHARAMA YA NYUSO MBILI

Tena kuna gharama ambayo haihesabiwi katika vitabu vya vita. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siri ya mpelelezi huijua moyo wake peke yake. Aishiye kwa nyuso mbili hulipa kila siku. Hawezi kulia mbele ya mama yake. Hawezi kumwambia baba kweli. Rafiki akimsogelea, hujiuliza ametumwa na nani. Mwisho wake kuamini kwenyewe kwakuwa kugumu, hata baada ya vita kwisha. Tena jirani nao huambukizwa. Mahali palipojaa wapelelezi, watu hunong'ona hata wakiombeana.

Kwa mwanamke gharama huongezeka. Adui akimkamata, mwili wake hufanywa uwanja wa vita. Na akirudi nyumbani, watu wake mara nyingi humtazama kana kwamba aibu ni yake, wala si ya yule aliyemtenda. Hapa lazima tuseme bila kupindapinda: aliyenajisiwa kwa nguvu hana dhambi wala aibu. Mtoto aliyezaliwa hivyo hana hatia yoyote. Mama Wambui alisema wazi jambo hili alipokuwa mzee wa miaka zaidi ya 60, katika nchi ambamo wengi walipenda anyamaze. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ushujaa mkubwa kuliko ule wa kupitisha silaha usiku.

Maana ukweli uliofichwa wakati wa hatari ni kama deni. Si lazima kulipwa wakati panga lingali shingoni. Lakini hatari ikipita, yafaa mtu arudi katika uso mmoja. Si lazima aandike kitabu, wala asimame sokoni. Inatosha kumwambia mmoja anayestahili: mume, mtoto aliyekua, padri, au yule aliyedhurika kwa neno lililotolewa. Rohoni mwake mtu huyo ataanza tena kulala.

NASI WA KINDU?

Katika parokia zetu wako wamama ambao wakati wa vita walichukua neno. Jirani huwanyoshea kidole mpaka leo: "Yule alikuwa wa hawa. Yule alikuwa wa wale." Vita vikianza tena mahali popote Kongo, neno "mpelelezi" ni la kwanza kutupwa, na mara nyingi mtu hupigwa kabla ya kuulizwa.

Basi kabla ya kumhukumu mtu tujiulize maneno manne. La kwanza: je, ni kweli alifanya, au tumesikia tu? Kumsingizia mtu upelelezi wakati wa vita ni kumwua kwa ulimi, na amri ya nane yakataza hilo kwanza. La pili: je, alikuwa huru? Aliyewekewa bunduki kichwani, au ambaye mtoto wake alishikwa, hatendi kama aliye huru. La tatu: alilitumikia jambo gani, la kukata mnyororo au la kuufunga? La nne: je, neno lake liliwaangukia wasio na hatia, naye alijua?

Atakayejibu hayo manne kwa unyofu ataona kwamba wengi tuliowaita wabaya walikuwa wameshikwa katikati, kama nafaka kati ya mawe mawili. Wachache walitenda mema makubwa bila kushukuriwa, wakawaficha watu na kuwapitisha usiku. Na wako pia waliouza majirani zao kwa faida. Hao wana deni la toba, na kama yawezekana, la malipo. Lakini hata hao wahukumiwe na mahakama kwa ushahidi, si na kundi la watu wenye fimbo.

Ndipo twaweza kujibu swali letu la mwanzo. Aishiye kwa siri aweza kuwa mtu mwema, kama alilolificha lilistahili kufichwa, kama aliyemtumikia alikuwa mtu aliyeonewa, kama alikataa neno lake lisiwe panga juu ya wasio na silaha, na kama hakuufanya uongo kuwa nyumba ya kudumu bali hema la usiku mmoja. Asiyetimiza hayo, hata akiwa shujaa kuliko wote, amechukua mzigo ambao siku moja utamvuta chini, kama dhahabu ya yule mjane.

Nasi tusiopewa kazi ya siri, tunayo kazi iliyo wazi: kumfungulia mlango mama anayetaka kusema, kumsikiliza mpaka mwisho, na kulinda alilotuambia.